Somo: Mlisho wenye makala zote za blogu, tangu ya kwanza

Mlisho (RSS au Atom) ni faili la blogu ambalo programu za wasomaji, yaani visoma mlisho, hulipakua ili kuonyesha makala. Wa kawaida hubeba makala mpya tu. WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ukiiacha ilivyo hutoa 10 za mwisho, basi. Aliyejiunga leo, ya 11 haioni.

Wengi hukimbilia kupandisha hiyo 10 iwe 1,000. Kama una makala 40 fupi, fanya hivyo ukalale. Zikiwa mamia, faili linakuwa zito, na visoma mlisho hulipakua lote upya kila linapobadilika, hata ukiwa umerekebisha koma moja.

Mimi nafuata RFC 5005, kanuni ya intaneti ya mwaka 2007: mlisho unagawanywa mafaili yanayofuatana kama mnyororo.

Hatua ya 1: Hesabu kuanzia makala ya zamani kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukihesabu kutoka mpya, kila unapochapisha, makala zote zinasogea na mafaili yote yanabadilika. Ukianzia ya kale, 1 hadi 50 zinakaa faili la kwanza moja kwa moja, 51 hadi 100 la pili, na hutayagusa tena.

Hatua ya 2: Kila faili lililojaa hivyo, yaani la kumbukumbu, litie alama ya fh:archive, kiungo cha rel="current" kuelekea mlisho mkuu (ule wasomaji wanaojiunga nao), na cha rel="prev-archive" kuelekea faili lililotangulia. La kwanza halina cha kutangulia.

Hatua ya 3: Mlisho mkuu ubaki na makala mpya, pamoja na zote ambazo bado hazijatimiza faili. Nao uwe na prev-archive kuelekea faili la karibuni.

Hatua ya 4: Kitambulisho cha makala (id au guid ndani ya mlisho) kisibadilike hata ukihama anwani. Niliwahi kukibadilisha, wasomaji wakamiminiwa makala za zamani kama mpya. Aibu.

MASWALI

Mkuu, nikirekebisha makala iliyo faili la kwanza?
Usiliguse. Irudishe makala kwenye mlisho mkuu kwa kitambulisho kilekile na tarehe mpya ya kusasishwa. Penye nakala mbili, ya karibuni ndiyo inayohesabika.

Natumia WordPress na uandishi wa programu siujui.
Weka ?paged=2 mwishoni mwa anwani ya /feed/, kisha 3, uendelee. Inafaa kupakua zote mara moja, ila huhesabu kutoka mpya, kwa hiyo kurasa husogea.

Visoma mlisho vyote vinaifuata prev-archive?
Hapana, vingi huipita tu. Lakini havidhuriki nayo, na mwenye programu inayoielewa anapata zote.