Kabla Hujamkorogea Mgonjwa Manjano

Shangazi alifika kwangu Umoja akiwa na kopo la plastiki. "Manjano, asali na pilipili manga. Mpe mama vijiko vitatu kutwa." Vidole vyake vilikuwa vya njano hadi kwenye kucha; alikuwa ameitwanga mwenyewe usiku. Mama ana saratani, na alikuwa amebakisha siku nne aende kemo ya tatu, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani. Sikutaka kumvunjia shangazi heshima, wala kubahatisha na mama. Nilichofanya ndicho ninachokuelekeza.

Anza kwa kuelewa kinachodaiwa: kwamba manjano huamsha seli zijile zenyewe, na hivyo kupambana na saratani. Seli ina desturi ya kujila: hukusanya vipande vyake vilivyochakaa, huvifunga kwenye kifuko, huvipeleka vikameng'enywe, kisha hutumia tena kilichopatikana. Wataalamu huita otofaji, jina alilolitoa Christian de Duve mwaka 1963. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi aliyoifanya kwenye hamira, akazipata jeni zinazoiendesha. Maabara zimeonyesha kwamba kemikali za vyakula kama kurkumini ya manjano, kwasetini ya vitunguu, resveratroli ya zabibu na EGCG ya chai ya kijani huugusa mfumo huu. Wauza dawa wengi huishia hapo.

Wewe endelea mbele kidogo. Kwa mtu mzima wa afya, kujila huku ni usafi: uchafu unaoweza kuharibu jeni huondolewa mapema. Lakini uvimbe ukishakua, seli ya saratani iliyokosa oksijeni na kupigwa na kemo inaweza kujila ili isife. Ndiyo maana watafiti wamejaribu pia kuuzuia mfumo huo kwa wagonjwa, wakitumia klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini. Ni klorokwini ile ile chungu tuliyomezeshwa utotoni kwa malaria! Basi mtu akikwambia dawa yake inaamsha seli zijile, muulize: seli zipi, za mgonjwa au za uvimbe?

Kama huumwi na unataka kujikinga, pika tu. Nunua manjano ya mizizi usage mwenyewe, kwa sababu unga wa dukani katika nchi nyingine umewahi kukutwa umetiwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kaanga nusu kijiko cha chai kwenye mafuta unayoungia dengu, kwa kuwa kurkumini haiyeyuki vizuri majini, na utumbo hunyonya kidogo sana. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini ya pilipili manga iliongeza unyonywaji wake kwa asilimia 2,000. Sukuma wiki nayo ni jamaa ya brokoli. Mimi humwomba mama mboga anipe majani mazima, nayaosha nyumbani, nakata nyembamba, naacha nusu saa ndipo nainjika. Kule kukatwa ndiko kunakoanzisha kutengenezwa kwa misombo kama sulforafani, inayochunguzwa kwa kukinga saratani, na moto ukiwahi, kazi hiyo hukatika. Hakuna chakula kilichothibitishwa kutibu saratani, hata hiki.

Mgonjwa aliye kwenye kemo ni habari nyingine. Ile piperini inayosaidia kurkumini kupita huzuia pia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na dawa ikikaa damuni kupita kiasi inageuka sumu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa EGCG ilizima nguvu ya bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho, kwenye seli na kwa panya. Kwa hiyo tia kila kitu kwenye mfuko mmoja: kopo, vidonge, majani ya chai. Andika kwenye daftari ni vijiko vingapi na tangu lini. Mpe mfamasia wa kliniki ya saratani kabla sindano haijawekwa, si baada.

Sisi tulibeba kopo la shangazi. Mfamasia alilifungua, akanusa, akauliza vijiko vingapi, akasema liwekwe mpaka kemo ziishe. Manjano ya kwenye mboga hayakumsumbua. Akakataza pia mama asilale njaa eti kuinyima saratani chakula, maana alikuwa amekwisha kupungua kilo sita.

Nilimweleza shangazi yote hayo jioni, kwa upole, yeye akiwa ameshika lile kopo mapajani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama dengu ziko ndani. Zilikuwepo. Akajifunga leso, akaingia jikoni.