Somo: Ijue tabia ya lenzi yako kwa mti mmoja tu (natumia Helios 44-2)

Wakuu, ukisema lenzi kali watu wanawaza picha kukata tu (kuonekana kali na wazi), lakini lenzi nyingi zinazopendwa miaka yote zinapendwa kwa ile kasoro walioshindwa kuiondoa waliozitengeneza. Mfano wangu ni Helios 44-2, 58mm f/2 ya Umoja wa Kisovieti, mchoro wake umetoka kwa Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss, vioo 6 ndani. Naipenda kuliko lenzi zangu zote mpya.

Hatua ya 1. Fungua apecha (tundu la kupitisha mwanga) yote, f/2; namba ndogo ndo tundu kubwa. Hii ina pete mbili, moja unapangia namba na nyingine ndo inafungua na kufunga kweli, zote ziwe f/2, wengi wanakwama hapa.

Hatua ya 2. Msimamishe mtu kama mita 2 kutoka ulipo, nyuma yake mita kadhaa kuwe na mwembe jua linapenya kwenye majani. Piga. Utaona vitone vya mwanga katikati ni duara safi, ila ukienda pembeni vinabanwa vinakuwa kama jicho la paka na vyote vinamzunguka mtu wako kama kimbunga, maana mwanga unaoingia kwa mshazari unakatwa na kingo za lenzi yenyewe, mbele na nyuma.

Hatua ya 3. Usisogee, funga hadi f/5.6, piga tena. Kimbunga kimeisha na pembe za picha zimekuwa kali. Weka picha mbili sambamba uziangalie kwa muda, hapo ndo somo lote lilipo.

Hatua ya 4. Jua liwe pembeni kidogo ya fremu. Mpako wa zamani wa vioo hauzuii mwanga wa kuakisi vizuri, nyeusi inapauka. Picha ya bidhaa usithubutu, sura ya mtu saa 12 jioni ni tamu sana.

MASWALI

– Mkuu mbona yangu haizungushi kabisa?
Sensa yako (kipande cha kamera kinachopokea picha) ni ile ndogo ya APS-C? Inakata pembe, na kimbunga kinakaa pembeni. Sogea karibu zaidi na mtu, kitaonekana kidogo.

– Nina kamera ya Nikon D750, lenzi hii itakaa?
Kwa adapta ya M42 (skrubu ya kufungia lenzi hii) itakaa kaka, ila kwa adapta isiyo na kioo cha lenzi ndani yake haitafokasi mbali, milima sahau. Sura za watu utapiga vizuri tu.