Jinsi ninavyotengeneza mnyama mkubwa wa magamba wa jukwaani, pamoja na watu wanaomheshimu

Jamani, naulizwa sana kuhusu yule mnyama wa mita nne, mfano wa kakakuona, niliyewatengenezea vijana wa maigizo hapa Kampala, basi leo naandika yote.

Hatua ya kwanza, weka makasi kando uanze na watu. Wengi wanakimbilia mnyama, wanamjenga mkubwa kama lori, halafu akitokea jukwaani watazamaji wanaona plastiki tu, kwa sababu hakuna mtu pale anayemheshimu. Mfano tunao hapa hapa: Buganda kuna ukoo wa Lugave, yaani kakakuona, mtu wa ukoo huo hamli kakakuona hata iweje, haoi ndani ya ukoo wake, wana mkuu wao anaitwa Ndugwa, na wana mdundo wao wa ngoma, omubala, ukisikika tu unajua kina nani wamefika. Na kule Tanzania kakakuona akionekana, watu humwekea maji, nafaka na silaha waone ataendea nini, ndivyo wanavyobashiri mwaka utakuwaje. Usichukue ukoo wa watu ukaufanya mchezo, tunga wako, ila jiulize: watu wako wana mwiko gani? Nani anamsemea mnyama? Akija, kinasikika nini? Watu wangu niliowatunga hawapigi mluzi usiku, na gamba likidondoka haliokotwi na yeyote ila bibi mmoja, anapiga magoti, analifuta vumbi, analifunga kwenye pindo la shuka lake bila kusema neno. Hapo ndipo ukumbi unanyamaza.

Hatua ya pili ni fremu, hii rahisi. Pasua mianzi, kunja matao saba, funga kwa mipira ya tyubu za baiskeli, kisha tandika magunia ya kahawa juu na uyashone. Hakikisha watu wanne wanaweza kumbeba bila kuhema.

Hatua ya tatu, magamba, na hapa usiharakishe. Wa kwanza nilimtengeneza kwa maboksi na gundi ya unga wa muhogo, alipendeza kweli, tukanyeshewa tukiwa njiani na magamba yote yakawa uji, nililia. Sasa natumia jerikani za njano zilizopasuka. Jerikani moja ya lita 20 inanipa magamba kama 12 ya upana wa kiganja, na mnyama mzima anakula kama 200. Kata umbo la ukucha mkubwa, lipashe juu ya sigiri kwa mbali mpaka lilegee, usiliache liungue maana ule moshi ni mbaya, fanyia nje, halafu likandamize juu ya gogo la mviringo lipate mbinuko. Toboa kwa msumari wa moto, funga kwa waya. Anzia MKIANI uende kichwani, kila safu ifunike nusu ya safu iliyo nyuma yake kama unavyoezeka mabati, ncha zote zielekee mkia. Ukianzia kichwani utabomoa yote, amini. Rangi kwenye jerikani hubanduka, kwa hiyo mimi nakwaruza kwa msasa mpaka njano ife kisha nasugua masizi na mafuta.

Na tafadhali, asije mtu akakuletea magamba ya kweli ukayapokea. Ni kitu kile kile cha kucha zetu, hayana dawa yoyote, na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 2016 kwa sababu wanyama hawa wanaisha.

Hatua ya nne, uso na tumbo. Kakakuona hana magamba tumboni, kwa hiyo hapo naweka lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Nunua kipande kidogo na ukitumie kwa adabu, maana kwetu lubugo huvikwa maiti na hutumika kumtawaza Kabaka, mfalme wa Buganda. Mdomo uwe mrefu, usiweke meno, hana. Ukiweka meno unapata mamba.

Hatua ya mwisho, mwendo. Kakakuona mkubwa hutembea amekunja kucha za mbele ndani, pua chini, ananusa mchwa. Wabebaji wapige hatua fupi, wa mbele wakisimama wa nyuma wahesabu mbili ndipo wasimame, hapo magamba yanashuka moja moja kutoka shingoni mpaka mkiani, kra kra kra. Ngoma inyamaze kabla ya sauti hiyo. Bibi aweke bakuli la maji chini, na asiinue macho mpaka pua iguse bakuli.