Somo: Kuhamisha bogenvilia kubwa bila kuiua

Ninapopita mitaa ya Makole na Chang'ombe hapa Dodoma huona bogenvilia za miaka mingi zikikatwa kwa panga kwa sababu ukuta unajengwa upya, nami huumia, kwa kuwa mmea huo ungeweza kuhamishwa iwapo mwenyewe angeanza kazi mapema.

Hatua ya kwanza: mfereji. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo anza Oktoba. Pima unene wa shina karibu na ardhi na uzidishe kwa 10: shina la sentimita 6 linahitaji bonge la udongo lenye upana wa sentimita 60. Chora duara la upana huo, chimba mfereji kwenye nusu yake tu, kata mizizi unayokutana nayo kwa mkasi mkali, kisha rudishia udongo na umwagilie. Baada ya wiki tatu fanya nusu iliyobaki, halafu subiri wiki nyingine tatu au nne. Kwenye ncha zilizokatwa huchipua mizizi laini, myeupe kama nyuzi, na hiyo ndiyo itakayounywesha mmea huko uendako.

Hatua ya pili: kung'oa. Siku mbili kabla, loanisha udongo mpaka chini, maana kichanga chetu kikiwa kikavu hubomoka. Punguza matawi kwa theluthi moja, ukivaa glavu kwa ajili ya miiba. Jioni, jua likiwa limepoa, chimba nje kidogo ya mfereji wa zamani ili usiikate ile mizizi mipya, ingiza koleo kwa kulilaza chini ya bonge, pitisha gunia la katani na ulifunge kwa kamba mpaka likaze. Bonge la namna hiyo huweza kufikia kilo 150, hivyo tafuta watu wanne na turubai imara.

Hapa ndipo nilipopoteza bogenvilia niliyoihamishia Iyumbu. Mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, aliharakisha kushusha, akauvuta mmea kwa kushika shina peke yake, na nikausikia udongo ukimwagika ndani ya gunia kama mchele. Baada ya siku kumi matawi yote yalikuwa makavu. Mizizi ya bogenvilia hukatika upesi sana. Beba bonge, usibebe shina, na njiani funika majani kwa gunia bichi ili upepo usiyakaushe.

Hatua ya tatu: kupanda. Shimo liwe tayari kabla ya kung'oa, lenye upana mara mbili ya bonge na kina kilekile, kwani shina likifukiwa zaidi ya lilivyozoea huweza kuoza. Gunia la katani lilegeze ulikunjue chini, lakini la plastiki liondoe kabisa. Rudishia udongo uleule, shindilia kwa mikono, tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina na umimine ndoo mbili za lita 20. Matandazo ya nyasi yakae kiganja kimoja mbali na shina kwa sababu ya mchwa. Mbolea ya dukani isubiri hadi majani mapya yatoke.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Yangu imepukutisha majani yote baada ya wiki moja. Niing'oe?*

Marahaba. Usiing'oe. Kwaruza gome kwa ukucha; ukiona kijani chini yake, mmea ungali hai. Endelea kumwagilia udongo ukianza kukauka, bila kuufanya tope, na uipe muda wa miezi miwili.

*Je, mzabibu wa miaka 12 nao unahamishika kwa njia hii?*

Sikushauri, ndugu yangu. Mizizi yake huwa imekwenda mbali na chini sana. Wakati wa kupogoa chukua pingili zilizokomaa zenye macho matatu au manne, uziotesheze kwenye viriba.

*Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yanafaa?*

Kwa mmea uliokatwa mizizi, chumvi huzidisha kiu, kwa sababu huyazuia maji kuingia mizizini. Kwa miezi mitatu ya mwanzo tumia maji ya bomba au ya mvua. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia mengi kwa mkupuo mmoja ili chumvi ishuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku.