Pedeli za alumini na kapeti mpya kwenye Altezza: anza na kapeti

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinishukia nyumbani Uyole, Mbeya, na maboksi mawili: moja la pedeli za alumini, jingine la kapeti mpya za Altezza yake. Mzigo ulikuja kwa basi kutoka Dar, akaupokelea stendi ya Nane Nane. "Anko, dakika ishirini tu, tunapachika naondoka." Tulianza saa tatu asubuhi. Chakula cha mchana kilipoiva, yeye alikuwa bado amelala chali chini ya usukani, miguu nje.

Naandika haya ili wewe usifike mchana.

Altezza yenyewe mnaijua. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na huko nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Ya mpwa wangu ni RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Mwenye Celica, Impreza au Mark II ya manyuali atafuata njia hii hii. Mwenye otomatiki aruke habari za klachi.

Vifaa

Tochi ya kuvaa kichwani, spana L za milimita 3 na 4, spana namba 8, tupa ndogo, brashi ya waya, kipande cha chaki, na gundi ya kufungia nati, ile ya bluu. Nyekundu usiiguse, siku ya kufungua utahitaji moto. Drili muachie seremala. Pedeli za kutoboa chuma cha breki sizifungi kwenye gari la mtu yeyote, hata kama anayeomba ni mtoto wa dada yangu.

Hatua ya 1: kununua

Japani wanaendesha kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia, kwa hiyo kapeti iliyokatwa kwa ajili ya Altezza ya Japani inakaa bila ubishi. Tatizo ni zile zinazouzwa kama za Lexus IS. Gari ni lile lile, lakini kama kapeti ilitengenezwa kwa soko la Marekani au Dubai, ya dereva imekatwa kwa ajili ya upande wa kushoto. Ukiileta kulia kona zinapanda ukutani na matundu hayakutani na ndoano za sakafuni. Muulize muuzaji usukani uko upande gani kabla hujatuma hela. Akikujibu "inaingia kote", tafuta mwingine.

Kuhusu kitambaa au raba: kwa mkoa huu, raba. Mvua zinaanza Novemba na tope la kutoka Igawilo kwenda Tukuyu halina adabu. Lakini iwe raba nyembamba yenye kingo, iliyokatwa kwa gari lako. Zile za "kata mwenyewe kwa mkasi" sizitaki. Zinajikunja zikipata jua, na zinajikunjia pale pale miguuni.

Pedeli chagua zenye vinundu vya raba vinavyotokeza. Alumini laini inayong'aa ni nzuri kwenye picha, ila ukishuka mteremko wa Iwambi na kiatu chenye tope utajuta. Za kubandika kwa gundi ya pande mbili ni mapambo tu, usizikanyage.

Hatua ya 2: kusafisha

Toa kapeti za zamani zote. Fagia, futa, acha pakauke.

Nimesema zote. Kapeti juu ya kapeti hapana.

Hatua ya 3: kapeti, na habari ya klachi iliyonila siku nzima

Watu wengi hufunga pedeli kwanza, kapeti wanatupia mwisho kama kitambaa cha meza. Geuza. Unene wa kapeti ndio unaoamua pedeli itashuka mpaka wapi, kwa hiyo kapeti ikae kwanza, kisha kila pedeli ipimwe juu yake.

Angalia sakafu ya dereva karibu na siti. Panatakiwa pawe na ndoano za kushika kapeti. Magari yetu yameshapita mikono mingi, na mara nyingi ndoano moja imevunjika au hazipo kabisa. Tafuta nyingine kwenye maduka ya spea za mtumba, Mwanjelwa hukosi. Ndoano moja haitoshi: kapeti itazunguka kwenye hiyo moja kama mbuzi kwenye kamba. Baada ya kufunga, shika ukingo wa nyuma na uvute kwa nguvu kuelekea kwenye pedeli. Ikisogea hata kidogo, bado hujafunga.

Sasa kanyaga klachi mpaka mwisho, kwa mkono kwanza ili uone, kisha kwa mguu. Hapa ndipo niliposulubiwa miaka ya nyuma na gari langu mwenyewe. Niliweka kapeti nene, nzuri, nikafurahi nayo siku mbili. Siku ya tatu rivasi ikaanza kulia kila nikiingiza. Fundi mmoja akaniambia sahani ya klachi imeisha, tushushe gia boksi. Sikuwa na hela ya kushusha gia boksi, nikaamua kutoa upepo kwenye mfumo wa klachi. Nikatoa mara tatu, mke wangu akikanyaga, mimi chini na chupa. Mafuta ya breki chupa nzima yakaenda. Rivasi bado inalia. Jioni nimechoka, nikatoa kapeti ili nifute mafuta yaliyomwagika. Nikawasha gari niliingize ndani ya geti, rivasi ikaingia kama kisu kwenye parachichi.

Kapeti ilikuwa inaizuia pedeli isifike chini, basi. Klachi ilikuwa haiachii yote, na rivasi ndiyo hulalamika wa kwanza kwa sababu kwenye magari mengi haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Tangu siku ile, gari likiletwa gia zinalia, kabla sijauliza lolote natoa kapeti.

Kwa hiyo pima hivi: toa kapeti, kanyaga klachi mpaka igote, weka alama mahali ilipofika. Rudisha kapeti, kanyaga tena. Alama mbili zisipolingana, kapeti hiyo ni nene au imepanda. Usiikate ikiwa imefungwa garini. Itoe, chora, ndipo ukate.

Hatua ya 4: breki na klachi

Vua raba za zamani. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu raba inakuwa ngumu kama ukoko wa ugali. Ifunike kwa kitambaa cha maji ya moto dakika chache, itatoka bila kuvutana. Sugua chuma kwa brashi ya waya. Usifunge alumini juu ya raba ya zamani, itacheza.

Pachika bamba, weka vyuma vya kubania kwa nyuma, tone la gundi kwenye kila bolti, kaza kwa kupokezana kona kwa kona. Ukimaliza mwombe mtu asimame nyuma ya gari aangalie taa za breki. Ziwake ukikanyaga, zizime ukiachia. Zikibaki zinawaka, umeisogeza pedeli ukaitoa kwenye swichi yake.

Hatua ya 5: akseleta

Hapa usiwe na haraka. Mpwa wangu alitaka bamba pana, lisogee karibu na breki, ili wakati wa kupunguza gia akanyage breki kwa vidole na kugusa mafuta kwa ubavu wa mguu. Sawa, ndiyo raha ya gari la namna hii. Ila bamba likisogea mno, kiatu kipana kitakanyaga vyote viwili. Usijaribu na raba za michezo. Mimi nilivaa buti zangu za shambani, nikakanyaga breki peke yake mara kumi. Mara mbili nikagusa mafuta. Tukalirudisha bamba kulia karibu sentimita moja.

Halafu chaki. Paka chaki kingo za chini za bamba na mikia ya bolti inayotokeza nyuma. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga akseleta mpaka mwisho, achia, angalia kapeti kwa tochi. Kapeti ya mpwa wangu ilikuwa na nukta mbili nyeupe. Mikia ya bolti ilikuwa inafika. Leo inagusa, kesho kapeti imesogea kidogo, mkia unanasa ukingo na mafuta hayarudi. Tulipandisha bamba juu, tukasaga mikia kwa tupa, tukapaka chaki upya. Mara ya tatu kapeti ikabaki nyeusi.

Anayeona hizi ni mbwembwe, akumbuke mwaka 2009 huko Marekani: watu wanne walikufa karibu na San Diego kwenye Lexus iliyowekewa kapeti ya gari jingine, ikaibana akseleta. Mwezi uliofuata Toyota ilitangaza kuyarekebisha magari kama milioni 3.8 kwa ajili ya kapeti.

Ikikutokea: kanyaga klachi, toa gia, kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie. Usipige breki pampu. Mafuta yakiwa wazi kabisa, nguvu ya kusaidia breki inaisha kwa mikanyago michache, utabaki unasukuma ukuta. Wala usikimbilie kuchomoa ufunguo gari likiwa linatembea, usukani unaweza kujifunga. Injini itapiga kelele, iache ipige.

Kama gari lako linatumia kebo, fungua boneti, mtu akanyage akseleta, wewe uangalie: ifunguke yote, na ikiachiwa irudi kwa kishindo. Inayorudi kwa uvivu haiendi barabarani.

Hatua ya 6: kujaribu

Zunguka uwanjani, kisha barabara tupu. Baada ya kilomita mia moja hivi kaza nati zote tena.

Na waambie vijana wa kuosha magari wasipake dawa ya kung'arisha dashibodi kwenye kapeti wala pedeli. Wanapenda kumalizia hapo, na inateleza kama kambale.

Jumatano mpwa wangu alinipigia akiwa Tukuyu. "Anko, nati zote ziko vile vile, moja tu ya breki imezunguka nusu." Nikamuuliza ni ipi. Ya juu kushoto. Hiyo tuliifunga tukiwa tumeshaitwa mezani, na gundi hatukuweka.