Kabla ya kupandisha tovuti kwa SSH

Ukishaandika amri ya kupandisha kurasa kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na kubonyeza Enter, seva haikuulizi kama umeshafikiri. Inatenda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya amri yenyewe.

Anza na ufunguo. Seva yenye mlango wa 22 (ule wa SSH) wazi kwenye intaneti hupigiwa hodi na programu za kubahatisha manenosiri usiku na mchana. Tengeneza jozi ya funguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uuwekee ule wa siri nenosiri lake, kisha upeleke ule wa wazi kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Wa siri usimpe mtu yeyote, hata fundi unayemwamini. Naye ana wake.

Mara ya kwanza kuunganika utaonyeshwa alama ya kidole ya seva, inayoanza na SHA256. Wengi huandika `yes` bila kuisoma. Tafadhali isome. Muombe msimamizi wa seva akutumie alama hiyo kwa njia nyingine, uzilinganishe. Tatu Ylönen aliiandika SSH mwaka 1995 huko Finland baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, na alama hii ndiyo inayokuhakikishia kwamba unaongea na seva yako, si na mtu aliyejipenyeza katikati.

Kisha kagua folda kwa `ls -la`, maana `ls` tupu huficha majina yanayoanza na nukta. Humo ndimo hukaa `.env` yenye nenosiri la hifadhidata, na `.git` yenye historia nzima ya kazi yako. Ruhusa ziwe 644 kwa faili na 755 kwa folda, yaani mwenye faili ndiye anayeandika, wengine husoma tu.

Kwa faili moja au mbili, `scp`, amri ya kunakili kupitia SSH, inatosha. Tovuti nzima nenda na `rsync`, inayolinganisha folda mbili na kupeleka tofauti tu, lakini uiogope kidogo. `public/` yenye mkwaju mwishoni hupeleka vilivyomo. Ila `public` bila mkwaju hupeleka folda yenyewe, na kurasa zako zinaishia ngazi moja chini. Na `--delete` hufuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwako. Niliwahi kuitumia kwa haraka, zikaondoka picha zote ambazo watumiaji walikuwa wamezipakia kulekule kwenye seva. Tangu siku hiyo hutanguliza `rsync -avn --delete`: herufi `n` huonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Soma mistari inayoanza na `deleting` mmoja mmoja, na kabla ya kuiondoa `n`, hifadhi nakala ya folda iliyoko kwenye seva.

Ukitaka tu wenzako waone kazi ambayo bado iko kwenye kompyuta yako, tumia `ssh -N -R 8080:localhost:3000 jina@seva`: mlango 8080 wa seva unaelekezwa kwenye mlango 3000 wa kompyuta yako. Kwa kawaida mlango huo wa 8080 husikika ndani ya seva pekee, kwa hiyo mwombe msimamizi kwanza airekebishe `GatewayPorts` kwenye mipangilio ya SSH ya seva. Na kumbuka kwamba ukifunguliwa, unafunguka kwa yeyote anayeifikia seva. Wakimaliza kuangalia, bonyeza Ctrl+C pale ulipoiwasha `ssh`, ujaribu kuufungua ukurasa kwa simu uhakikishe haupatikani tena.