Mama anatimiza miaka 80: namna ya kuwakusanya watoto wote Vihiga, magharibi mwa Kenya

Kabla ya mtu yeyote kutafuta tiketi ya ndege, mtoto anayeishi karibu na mama akae naye siku mbili akiangalia. Mama anaamka saa ngapi? Anameza dawa ya presha saa ngapi? Anaweza kuketi muda gani kabla mgongo haujaanza kumuuma, na usingizi humjia lini? Mara nyingi utakuta ana saa tatu nzuri kwa siku, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Sherehe iingie humo. Familia nyingi hufanya kinyume: wageni wakubwa wanasubiriwa, hotuba zinaanza saa nane, na keki inakatwa mama amechoka, anataka tu kitanda chake.

Tarehe yenyewe mna uhuru nayo kuliko mnavyodhani. Wengi waliozaliwa vijijini miaka ya 1940 hawakuwahi kuandikiwa cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho ulikadiriwa. Kama kadi ya ubatizo nayo haina siku kamili, pelekeni sherehe likizo ya Desemba, shule zimefungwa na mvua imepungua. Aprili ni masika. Agosti huwadanganya walio Nairobi, kwa sababu kwao ni kukavu, ilhali Vihiga na Kakamega mvua inaendelea. Na mwezi wowote ule, jua likishapasha ardhi, hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda kwenye vilima, na alasiri mvua inaweza kumwagika. Hiyo ni sababu ya pili ya kumaliza mapema.

Jumamosi hufaa, ila kwa Wasabato iwe Jumapili. Jumamosi pia ndiyo siku ya mazishi huku kwetu, kwa hiyo wiki moja kabla mulizeni mzee wa kijiji kama kuna msiba jirani. Ukiwapo, muziki hauwashwi, na wawakilishi wa familia waende kwanza kutoa pole. Mjulisheni chifu vilevile, hasa kama mtaweka spika.

Anzeni kupanga miezi tisa kabla, maana aliye Doha au Riyadh hupewa likizo kwa mkataba, na lazima aiombe mapema. Simu ya pamoja ifanyike saa tatu usiku ya Kenya: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba London huwa ni saa moja jioni, New York saa nane mchana, na Doha saa ni ileile yetu. Kundi la WhatsApp la ndugu wote liwe la habari tu. Maamuzi yafanywe na watoto wa mama wenyewe, na mweka hazina mmoja anayetuma hesabu kila Ijumaa. Laini ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000 na haitumi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, hivyo bajeti ikivuka hapo fungueni akaunti ya benki yenye sahihi mbili. Jambo moja huvunja familia nyingi: aliye ng'ambo anahesabiwa pesa, na aliyebaki nyumbani, ambaye atapaka nyumba rangi, atachimba choo na kuhudhuria kila mkutano, anaambiwa hajachanga. Kazi yake iandikwe kwenye hesabu kama mchango, kwa shilingi.

Wajukuu wengi wenye pasipoti za kigeni wanahitaji eTA, yaani kibali cha kielektroniki cha kuingia nchini, ambacho tangu Januari 2024 kimechukua nafasi ya viza. Kiombwe kwenye mtandao wa serikali, si kwa wakala. Wapewe pia dawa ya kinga ya malaria. Huanzwa kabla ya safari na kuendelea baada ya kurudi, nyingine siku 7, nyingine wiki 4, kutegemea dawa aliyochagua daktari wao. Hata mwana aliyekulia Mbale ya hapa Vihiga akihamia Ulaya, kinga aliyokuwa nayo hupungua kwa miaka, na huyo ndiye huugua vibaya kwa sababu anajiona mwenyeji. Kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu, mnapanda hadi Vihiga kupitia Kiboswa na Majengo. Wanaotoka Nairobi kwa gari wasafiri mchana, maana mteremko wa Salgaa, baada ya Nakuru, usiku na malori ya Desemba si wa kujaribiwa.

Malazi yanataka akili zaidi ya magodoro. Kwa Waluhya na Waluo wengi, mkwe wa kiume halali katika nyumba ya mama mkwe, na mtoto wa kiume aliyeoa halali na mkewe kwa mama yake. Chora boma kwenye karatasi, uandike jina la kila mtu mahali atakapolala, kisha umsomee mama. Yeye ataona kosa ambalo ninyi hamlioni. Wakwe watafutiwe vyumba Chavakali au Mbale mwezi Septemba. Mashamba ya Vihiga ni madogo, na boma lililojaa hema halina pa kuegesha magari kumi, kwa hiyo ombeni uwanja wa kanisa au wa shule ya msingi. Choo cha shimo kiwekewe kiti na mbao ya kushika, kwa ajili ya mama na wenzake wa rika.

Chakula, tuseme cha watu 120. Chai ya asubuhi ni lita 30: maziwa lita 15, maji lita 15, majani gramu 300. Sukari wekeni kando, maana wazee wengi wana kisukari. Chakula cha mchana kinataka nyama ya ng'ombe kilo 30, mchele kilo 12, unga kilo 20, na mboga za kienyeji kilo 25 zikiwa mbichi, kwa sababu kunde na mrenda hunywea. Kuku 15 wa kienyeji, kila mmoja vipande 8, hutosha kipande kwa kila mtu, lakini wahesabiwe na mtu mmoja jikoni, la sivyo mapaja huisha kabla meza kuandaliwa. Jogoo mzee huchemka saa mbili au zaidi. Moto uwake saa kumi na moja alfajiri. Wali huharibika pale sufuria moja inapobebeshwa kilo zote 12: chini unaungua, juu punje bado ngumu. Gawanyeni kwa sufuria mbili, na maji yakikaribia kukauka ondoeni kuni, acheni makaa machache, mengine yawekwe juu ya kifuniko. Ugali usongwe mwisho, kwa zamu, watu wakiwa tayari kwenye foleni. Ukisongwa mapema unakuwa jiwe. Maji ni tangi la lita 1,000, lijazwe Ijumaa. Kuni zikauke chini ya paa wiki mbili.

Imondo, yaani firigisi, kwa desturi ni ya mwenye boma au mgeni mkubwa. Siku hii iwe kwenye sahani ya mama, iliyochemshwa hadi meno yake yaiweze.

Picha ya familia ipigwe saa tatu na nusu, kabla ya chakula. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita huacha macho yote kivulini. Mama aketi kwenye kiti chenye mikono, chini ya mti wenye kivuli kizito; wajukuu wadogo waketi mkekani miguuni pake, watoto wake nyuma kwa kufuata kuzaliwa. Anzeni na picha ya wote, kisha kila mlango, yaani kila mtoto na familia yake, peke yake. Mwacheni mama ameketi, wengine ndio wapishane. Mtu mmoja mwenye orodha aite majina kwa sauti. Halafu sala, wimbo wa kanisa anaoupenda, hotuba tatu za dakika tano tano, keki, chakula. Saa saba mama apelekwe kulala hata kama mgeni mkubwa ndiyo kwanza anashuka garini.

Msimfanyie siri. Kumshtua mzee mwenye presha kwa watu 120 ni hatari, na tena mnamnyima miezi ya kungojea, ambayo kwake ni nusu ya furaha yenyewe.

Wa mbali wafike siku nne kabla, na kila mtoto apewe asubuhi moja peke yake na mama, bila simu, hata kama ni kuchambua mrenda tu barazani. Kuondoka kupangwe pia. Magari yote yakitoka Jumapili, boma linanyamaza ghafla, na mama anabaki akizungukia vyumba vitupu. Mmoja aende Jumapili, wawili Jumatatu, na wa mwisho abaki hadi Alhamisi: arudishe sufuria za kanisa, ahesabu viti vya kukodi, na kumpeleka mama zahanati apimwe presha.